Mhogo wa Baba na Baba Mdogo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na Baba, bado anakataa kwenda kwa daktari? Mimi ni mzima, ila nimechoka mpaka kalamu naiona nzito.

Kazi ni ile niliyokueleza: kulinganisha njia za kutoa DNA kwenye majani ya mhogo, ili tupime alama za vinasaba zinazoonyesha kama mimea miwili ni ya mbegu moja. Njia ya kwanza hutumia dawa zilizokwisha kuchanganywa kiwandani. Ni ya haraka, lakini DNA inatoka kiduchu. Ya pili ni ya kizamani: unasaga majani, unayapasha kwenye maji ya chumvi na sabuni ya maabara, kisha unasafisha kwa klorofomu huku kichwa kinakugonga. Mwanzoni nilipata ute wa kahawia usiofaa kitu. Msimamizi wangu aliniambia nianze upya, hata macho hakuinua. Nikaanza upya, nikaanza tena, hadi nilipotumia majani machanga ndipo ikatoka safi.

Majani hayo niliyachuma nilipokuja likizo: shambani kwa Baba, kwa Baba Mdogo, na machache nyuma ya jiko la Bibi, mama yako, kwa kujazia tu. Unajua walivyo wale ndugu wawili. Hawasalimiani tangu nikiwa mdogo, kila mmoja anadai mwenzake alimwibia mbegu ya mhogo usiougua. Baba aliniambia kwamba sasa mashine itamuumbua mwizi. Baba Mdogo naye akaniambia hivyo hivyo.

Mama, majibu yametoka, na nimeyarudia kwa njia zote mbili. Mhogo wao ni mmoja, na ndio ule ule wa Bibi.

Nikampigia Bibi simu. Akacheka, akasema ulipoolewa uliondoka na mzigo wa vijiti vya mhogo wake, ukavipanda mpakani mwa mashamba yao. Kila mmoja akaja akakata, akidhani mhogo umejiotea upande wake. Ulipotaka kusema, Baba akakukatiza akisema mambo ya mbegu huyajui. Ukaliacha, ukaendelea kuwapikia mhogo huo huo.

Sikulaumu. Ila mimi sina nguvu ya kuwaamua. Baba akinipigia tena kuuliza mwizi ni nani, nitamwambia akuulize wewe, na safari hii akusikilize mpaka umalize.

Wasalimie wote wawili, kila mmoja kwake.

Ni mimi, kitindamimba wako.