Betri Hazina Moto

Jumatatu, 16 Juni 2025

Nimechukia leo mpaka mate machungu. Mume wangu Salum kaniletea betri mbili za kamera kaokota sijui barabara gani, ziko kwenye kimfuko cha plastiki, jina lenyewe halisomeki. Eti zimeandikwa nguvu nyingi kuliko za kampuni. Kuandika tu, hata mimi naweza kujiandika malkia! Nikamwambia kamera yangu inachagua. Akajibu betri ni betri. Betri ni betri! Yeye muuza vifaa vya ujenzi, mtu amwambie msumari ni msumari uone atakavyowaka.

Na anajua kilichopo. Jumamosi mwali anatolewa kwao Matombo, binti wa wifi yangu Mwanaheri. Salum ndiye mjomba, na kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto. Mwanaheri hakunitaka, alitaka mpiga picha mwanamume. Mama mkwe ndiye aliyekaza: mkwe wangu yupo, tukamtafute nani tena? Basi mume wangu kaniwekea sharti. Picha zikitoka, hakuna atakayeisema tena kazi yangu. Zikiharibika, kamera inauzwa, naenda kukaa dukani kwake Mlali kupima misumari.

Sitaki. Sitaki kabisa.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda kwa dada Khushboo, duka la kamera mjini. Kazitia zile za Salum kwenye kamera. Ya kwanza ilionyesha imejaa, picha chache tu, alama nyekundu, ikazima. Ya pili kamera haikuitambua kabisa. Rahisi ghali, kasema, akanirudishia kwa ncha za vidole.

Nimechukua mbili za kampuni, pamoja na ile yangu ya zamani. Kanisomea sheria kama mwalimu wa madrasa: usingoje izime kabisa ndipo uchaji, hizo habari za zamani. Vifuniko usitupe. Usiilaze ndani ya kamera. Na joto, dada, joto ndilo linaziua.

Nimezirudisha zile takataka kwa Salum, nikaziweka juu ya sahani yake ya ugali. Kazisogeza kando, kaendelea kula. Afadhali.

Alhamisi, 19 Juni

Matombo. Barabara imenivunja kiuno, ukungu, baridi ya kukera. Mwanaheri kanipokea mlangoni: "Umekuja na hicho kidude chako?" Hata karibu hakuna. Nikamjibu kidude kimekuja, na mwenyewe kaja nacho.

Nyumba nzima soketi moja inayofanya kazi. Nikachomeka chaja, nikaenda kuwaamkia wakubwa. Narudi — chaja iko sakafuni, simu ya Mwanaheri inakula umeme! Nilipiga kelele, sijali. Nikasema betri zangu hazina moto hata chembe, zikizima Jumamosi mtamlaumu nani? Naye akasema anayejua kazi yake hatishwi na soketi. Salum yupo pale pale, anatazama miguu yake. Mume huyo!

Mama mkwe akaitikia kutoka jikoni: pole mwanangu, zitapata moto tu. Watu wote wa nyumba hii wangekuwa yeye, ningehamia huku.

Ijumaa, 20 Juni

Umeme ulikatika, ukarudi jioni. Nimekaa nazo kama mtu anayelinda maziwa yasichemke. Zote mbili mpya zimejaa. Nimezifunika vifuniko, nimezitia kwenye kikapu changu. Ile ya zamani imo ndani ya kamera na wala siitoi. Khushboo anisamehe, nimechoka.

Mwanaheri kapita mara mbili anachungulia kikapu. Namwona.

Jumamosi, 21 Juni

Nimejifungia chumbani. Naandika haraka, wanamvalisha mwali.

Asubuhi walinitia kumenya ndizi na wanawake wenzangu mpaka jua limekaa utosini. Nikaja kuchukua betri. Kikapu kitupu! Sikufikiri mara mbili. Nilimfuata Mwanaheri uani, mbele ya shangazi zake wote, nikamwita mwizi. Mchawi wa kazi yangu, nikasema. Akaapa kwa jina la Mungu. Akalia: "Niibe mimi, siku ya mwanangu?" Salum akaja juu, kumbe sauti anayo, akaniambia nimewaaibisha, kamera ihesabu imeuzwa.

Ndipo mama mkwe akatokea nyuma ya banda la kuku, kabeba ungo. Betri zangu mbili zimepangwa humo kama mihogo ya kuanika. Anatabasamu! Kaziweka juu ya bati tangu asubuhi. Za redio yake ndivyo anavyozifanya zikichoka, anazianika, zinaamka. "Si ulisema hazina moto, mwanangu?"

Zimevimba kama maandazi. Hata kwenye kamera haziingii.

Mama mkwe akaniuliza, "Zimepata moto?"

Nikasema, "Zimepata, mama. Asante." Wala sikudanganya, zimeniunguza kiganja.

Akafurahi! Salum akapumua, akasema haya basi, kumbe mambo madogo, kazi iendelee. Yeye kwake betri ni betri. Ila Mwanaheri kauona ule uvimbe. Kanifuata hadi hapa mlangoni, macho bado mekundu: "Ukithubutu kumtaja mama, hutakanyaga tena kwetu." Nikamwambia toka. Kana kwamba nilikuwa na nia hiyo! Kumwomba radhi nilitakiwa nimwombe pale pale. Ulimi ukagoma. Bado umegoma.

Nimewasha kamera. Betri ile ya zamani, niliyoilaza ndani kwa uvivu. Kijistari kimoja, chekundu. Nimezima haraka. Zitatoka picha ngapi? Mwali hutolewa mara moja.

Ngoma zimeanza. Namsikia mama mkwe uwanjani, kaketi mbele, anawatambia wenzake: mtaziona picha za mkwe wangu, betri zake nimezitia moto kwa mikono yangu mwenyewe. Wanampigia vigelegele.

Salum anagonga. Mpiga picha yuko wapi? Mwali kashapandishwa mabegani —