Majivu Katika Kopo la Chai

Dodoma, 3 Machi 1913. Asubuhi mawingu, manyunyu kidogo.

Mpendwa Mshauri, hapa sina wa kumwuliza, ndiyo maana nakuandikia wewe. Mume wangu Ujagar Singh, mhunzi, mmoja wa Makalasinga watatu waliofika hapa na reli, alifariki kwa homa tarehe 28 Januari, na kabla ya kufa aliniambia, "Lydia, msinizike, nichomeni kama alivyochomwa baba, majivu ndugu yangu ayapeleke mtoni kwetu," nami nikaahidi, lakini wenzake wawili walikuwa wamehamia Tabora, na nilipoomba kuni mjomba wangu Methusela alisema mbele ya watu, "Mvua imegoma, uwele unakauka, nawe unataka kuchoma mtu? Moshi wa maiti hufukuza mvua, utatumaliza!" basi hakuna aliyeleta hata kijiti, siku ya pili nikakubali tukamzika, siku ya nne mvua ikanyesha, mjomba akaniambia, "Umeona?" Sasa shemeji yangu Bishan Singh, huyo ndugu yake anayefanya kazi pwani, ameandika kwamba atakuja kwa gari la moshi baada ya Pasaka kuchukua majivu, nami nimechota majivu ya tanuru la mume wangu nikajaza kopo la chai, nikajiambia ni moto wake mwenyewe, kosa liko wapi? Tangu hapo usingizi umenikimbia. Kila jambo naliandika katika daftari langu: jana nililala saa nane kasoro robo usiku.

Lydia

JIBU

Bibi Lydia, pole. Kwa kuzika sikulaumu. Mjane mmoja hawezi kushindana na kijiji kizima kinachotazama mawingu. Lakini kopo hilo! Majivu ya makaa yavuke bahari, mama mkwe wako ayalilie, nawe unyamaze mpaka kufa? Wewe unayeandika hata saa ya kulala, siku hiyo utaandika nini?

Usingoje mpaka shemeji yako afike. Mwandikie leo, mweleze yote, pamoja na ahadi uliyoivunja. Atakasirika, mwache, ana haki. Siku ya kuja kwake, Methusela asimame nawe, ayaseme kwa kinywa chake yale aliyokuambia, maana umebeba peke yako neno la watu wengi. Kisha mpelekeni kaburini. Akitaka udongo wa pale aupeleke mtoni, au akitaka nduguye abaki alipo, ataamua yeye, si wewe wala mjomba.

Na majivu hayo yarudishe tanurini kabla jua halijatua. Andika saa uliyoyarudisha, ukalale.