Skuta Haiendi Mlimba

Baba,

Shikamoo. Mama ndiye aliyesema nianze hivyo.

Jana baba mdogo Sylvanus alikuja kuchukua skuta akuletee Mlimba. Nimemkatalia. Ulipotuhama uliiacha na pancha nyuma, ukasema kuku watatagia kwenye kiti. Nilifungua ekzosi inayoziba gurudumu, nikalitoa, nikavisha tairi jipya alilonunua Mama baada ya kuuza mpunga. Sasa nampeleka nayo kliniki, maana mguu wake haujapona.

“Mtoto wa kike, unamnyima baba yako?” baba mdogo aliuliza.

Nikampa lile tairi bovu akuletee. Hilo ni lako.

Ukiitaka skuta, panda treni uje umwombe Mama mwenyewe. Nitakupokea stesheni. Utakaa nyuma.

Mwanao,
Stefania