Makubadhi Yangu Kakuma

Lodwar, Julai 1976

Dada Zuhura mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Huu ni mwaka wa kumi na mbili tangu niondoke Unguja, nawe umeniandikia tena nirudi, nisije nikafia mbali na watu wanaomjua Mungu kama baba alivyomjua.

Jana, huko Kakuma, jirani yangu katekista alinipeleka kwa mwaguzi mmoja mzee, Mturkana. Nikavua makubadhi kwa adabu, kama mlangoni mwa msikiti. Kumbe waaguzi wa huku hutupa viatu juu, wakasoma jinsi vilivyoanguka! Mzee akadhani nimemletea kazi. Akayatupa makubadhi yangu, akayatazama, akafumba macho. Uso wake ukatulia kama wa baba baada ya zikri.

"Umeona nini?" nikamwuliza.

"Ejok, iko mzuri, mzee," akanijibu. "Mambo ya kuona imeisha. Iko kimya tu."

Katekista akacheka. "Hata padri wetu akitoka kusali peke yake husema hivyo hivyo, halafu anaitisha chai."

Tukakaa kimya wote watatu, jua likituchoma, na sikujiona mgeni.

Mungu akupe afya, na mbaazi za nazi zisikukose asubuhi. Mimi sitarudi.

Nduguyo,
Salim