Mrefu, Mfupi na Mgeni wa Samail

Ibra, Jumatano, Juni 2008

Gharbi inavuma tangu asubuhi, ule upepo wa moto unaokausha hata mate mdomoni, na mie nimechemka kuushinda.

Nasema, Zuleikha anaandika. Skuli sikuingia hata siku moja. Kompyuta ni yake na blogu ni yake, lakini maneno ni yangu, na nimemwambia asipunguze hata moja, hasa yale yanayomsema yeye.

Kisa chenyewe ni wanaume wawili ambao hata hawapo duniani.

Zuleikha ni mjukuu wangu mdogo, anasoma Maskati. Wiki hii kaja na senema aliyoazimwa na mwenzake. Senema ya Wazungu wa zamani: makoti marefu, mishumaa, mvua isiyokatika. Mna kijana mrefu, mwana wa mwenye shamba, taya limechongeka na macho ya kijani. Mna na mfupi, seremala, kaletwa kutengeneza madirisha ya jumba lao. Huyo ana pua kubwa na masikio yamesimama kama ya paka anayesikia panya. Kizungu sikijui, nikamwuliza Zuleikha hawa ni nini wao. Akasema, "Mabinamu, Bibi."

Mabinamu!

Mie nimezaa, nimezalisha, nimeoza mabinti na kuoza wajukuu. Binamu hamtazami binamu yake hivyo akinywa chai. Nikamwacha adhani nimedanganyika, maana nilitaka kuuona mwisho.

Tangu siku ile nyumba imegawika. Zuleikha yuko na mrefu. Dada yake, Shamsa, yuko na mfupi. Wanagombana wakipika, wanagombana wakifua, jana wamegombana mpaka wali ukaungua. Na kila mmoja ananijia mie: "Bibi, sema wewe, nani mzuri?" Kama kwamba mie ni kadhi.

Haya, nasema. Mfupi.

Mrefu mzuri akisimama dirishani, na madirisha ya kusimama anayo mengi. Lakini baba yake alipomtafutia mke, alikubali bila ya kufungua mdomo. Na yule seremala akaambiwa achonge kabati la bibi harusi. Akalichonga! Anampenda mtu kwa roho yake yote, na anamtengenezea kabati la harusi yake, na anaufungua na kuufunga mlango, anaupiga randa, anaufunga tena, ili usije ukagonga usiku ukawaamsha. Pua ile na ukubwa wake wote sikuiona tena. Nililia, nikasingizia vitunguu.

Najua wapo mtakaoniuliza habari ya dini. Dini yangu naijua. Mie niliulizwa nani mzuri, sikuulizwa nani ataingia peponi. Kazi hiyo ina Mwenyewe.

Sasa njooni kwenye balaa la leo.

Shamsa ana posa. Kijana anatoka Samail, ana duka la vifaa vya umeme. Alikuja mara moja na baba yake, yeye na Shamsa wakaonyeshwa kama sheria inavyoruhusu, na tangu siku hiyo Shamsa akipiga pasi anaimba. Hajaniambia kitu, lakini mtoto anayeimba mbele ya pasi katika joto hili, mimi namwelewa. Anamtaka. Na leo alasiri mama yake kijana, Bi Zuwena, alikuwa anakuja kututazama: binti, nyumba, bibi, kahawa. Mama yule ndiye mwenye kauli kwao. Akirudi amenuna, posa imekufa.

Akaingia, abaya safi, uso wa heshima, akasalimu kwa Kiarabu. Nikajibu kwa Kiarabu. Nilichoambiwa ni kuwa ni watu wa Samail, basi nikawahesabu Waarabu watupu, watu wa tende na mifereji ya falaji, Kiswahili hawakijui hata cha kuombea maji.

Hapo ndipo tulipopotea. Katika nchi hii sisi tuliotoka Unguja tumezoea kukifanya Kiswahili pazia letu. Mgeni kakaa mbele yako, unatabasamu, na nyuma ya pazia unasema utakalo.

Zuleikha, anamimina kahawa, macho chini kama malaika, akamwambia dada yake: "Yule wako na masikio yale, utamweka wapi?"

"Nitamweka moyoni," Shamsa akasema, naye anapitisha tende. "Wewe baki na mrefu wako, anayemwogopa baba yake."

"Lakini mzuri!"

"Mzuri wa kutazama. Mie nikipewa ruhusa, nakwenda na mfupi leo hii, sitaki mwingine."

Na mie, mtu mzima na mvi zangu, nikatia langu: "Mfupi ana mikono. Mrefu ana koti tu."

Bi Zuwena akalitikisa fenjani lake, kuonyesha kahawa imemtosha, na alikuwa hajanywa hata nusu. Haluwa hajaigusa. Akasema, kwa Kiswahili cha bara kilichonyooka kama reli:

"Nashukuru kwa kahawa. Sisi kwetu hatuposi juu ya posa ya mwenzetu. Binti ana wawili tayari, wa tatu wa nini?"

Ya Rabbi.

Shamsa akawa mweupe kama kanzu. Bi Zuwena huyoo, mlangoni, anatafuta viatu vyake. Nikamfuata mpaka uani na upepo ule wa moto, mtandio wangu umebaki kwenye mto wa kuegemea.

"Mwanangu, ngoja. Hao wanaume ni wa senema. Hawapo!"

"Mama, mimi nimezaliwa Tabora, sikuzaliwa jana."

Nikasimama pale, nakwambieni, napima. Nisipomwonyesha, Shamsa ni binti mwenye wanaume wawili. Nikimwonyesha, sisi ni nyumba inayotazama wanaume wanaopendana, alasiri, na milango wazi. Lipi afadhali? Nikauchagua ukweli, kwa sababu ukweli angalau ulikuwa na picha.

Nikamshika mkono. Sikumshika kwa adabu, nilimshika kama anavyoshikwa mbuzi. Nikamrudisha ndani, nikamkalisha, nikasema, "Zuleikha, washa."

"Bibi, jamani..."

"Washa!"

Ikawashwa. Yule mrefu huyo, na koti lake. Yule mfupi huyo, na randa yake. Bi Zuwena akatazama, akatutazama sisi, akatazama tena. Akauliza, "Na hawa wawili ni nini wao?"

Zuleikha akawahi: "Mabinamu, mama."

"Funga mdomo wewe," nikamwambia. "Bi Zuwena, si mabinamu. Wanapendana, kama mume na mkewe. Na ndio hao waliokuwa wakigombewa hapa. Mwengine hakuna. Mjukuu wangu hajapata kuposwa na mtu ila mwanao. Sasa ukitaka kuondoka, ondoka kwa hilo, lakini usiondoke kwa uwongo."

Hakuondoka. Senema ikaenda, na sisi hakuna aliyethubutu kusogeza mguu. Ikafika kwenye kabati. Nikamwona Bi Zuwena anaifunika midomo yake kwa ncha ya mtandio.

"Jamani. Anamchongea kabati?"

"Na mlango anaupiga randa usigonge," nikasema.

"Na huyu mrefu yuko juu tu, hatoki hata kumtazama?"

"Hatoki."

"Mpumbavu huyo!" Akapangusa macho. "Uzuri wote ule wa bure."

Zuleikha akafungua mdomo kumtetea mrefu wake. Nikamtazama. Akaufunga.

Kisha Bi Zuwena akamgeukia Shamsa, na uso wake haukuwa wa senema tena. "Mwanangu mimi hachongi kitu," akasema. "Anauza nyaya na taa. Na pua yake, nikuambie ukweli mimi mama yake, ni kubwa kuliko ya huyo. Nisije nikakuozesha kwa watu wazima kusikizana, na wewe moyo uko kwingine. Nakuuliza wewe."

Nanyi mnajua kwetu msichana akiulizwa hufanya nini. Hunyamaza. Kuinama na kunyamaza ndiyo idhini yake, na Shamsa kalelewa vizuri, nimemlea mwenyewe. Akainama. Akanyamaza.

Bi Zuwena anangoja. Senema nayo imekwisha, na nikaona mama wa watu anaanza kukusanya abaya yake taratibu, maana baada ya yale yote aliyoyasikia, atajuaje kimya hiki ni kipi?

Adabu nyingine huua. Nikamfinya Shamsa paja, finyo la Kiunguja, lile la kuzungusha.

"Pua yake nimeiona, mama!" Shamsa akapiga ukelele. Kisha, kwa sauti ndogo, machozi yanamtoka, sijui ya finyo au ya nini: "Namtaka na pua yake."

Bi Zuwena akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mie sikucheka. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikamvuta mtoto kichwa chake mapajani pangu kama alipokuwa mdogo, nikamwambia mjinga we, mjinga we, ungesema mapema ungepungukiwa nini?

Bi Zuwena kaondoka kabla ya magharibi. Ijumaa wanaume wao wanakuja rasmi. Na hapa ninapozungumza, Zuleikha ameacha kuandika mara mbili kuniambia kuwa Bi Zuwena hakutazama tangu mwanzo, kwamba kama angemwona mrefu anaposhuka kwenye farasi angesema mengine.

Mola anipe subira, na huyu naye ampe mume mfupi.

Ijumaa, nimeshatangaza, katika nyumba hii hata jogoo wa jirani hatasifiwa.