Kompyuta Iliyoamka Bila Mtandao

Gando, Pemba

Dada yangu Kazija,

Assalamu alaykum. Niwie radhi kwa ukimya. Kila mgeni alipopiga hodi niliifunga kompyuta kwa heshima yake. Nilipoifungua, iliamka bila mtandao, na barua zangu kwako zikakwama.

Mwalimu Ashraf wa skuli ya jirani alikuja kuitazama.

“Mzee, ikilala huzima kifaa cha mtandao ili kuokoa chaji. Nimeikataza.”

Tangu siku hiyo inaamka salama.

Jana wazee wa Ashraf walikuja kumposa binti yangu Ruweida. Nilimwuliza kama anamjua huyo kijana.

“Baba, kwani aliyemwita aje kuitengeneza kompyuta nani?”

Nilijitia kukasirika, nikatoka uani nikacheka peke yangu. Mama yake Ruweida anataka tukubali leo. Mimi bado naulizia tabia za kijana. Tukishaamua, nitakuandikia wewe kabla ya kuwajibu wao.

Nduguyo,
Silima