Upande wa Pili wa Santuri ya Kalala

Jumatano, 5 Machi
Hapa Kikula hakuna umeme tena. Mtaa wa Panda, kwa rafiki yangu Kalala, uko. Kwa kawaida saa kama hii Kalala anaweka simu karibu na spika, nasikiliza santuri zake, halafu tunagombana mpaka salio liishe. Leo hakupiga. Chai na mkate.
Nilitaka kumwambia hivi: ile ya Waingereza yenye jalada jeusi, mwanga unaopasuka kuwa rangi, ni muziki wa watu ambao umeme wao haukatiki. Mtu wa Likasi hawezi kungoja gitaa liamke taratibu namna ile. Bwawa la Mwadingusha litakata umeme kabla ya kiitikio. Hoja safi. Imeniozea mdomoni.

Ijumaa, 7 Machi
Nimempigia mimi. Amepokea mkewe, mama Ngalula. Mumewe yuko kwenye maombi. Tangu ajiunge na chumba cha maombi, kanisa dogo la mtaani, yuko huko daima. Jumapili atatoa ushuhuda, kisha atachoma vitu vyake vya dunia: santuri zote. Amesema kwa furaha, kama anayetangaza harusi.
Zote. Hata ile ya roki ya Zambia ambayo marehemu baba yake aliileta kwa treni kutoka Kitwe, gitaa linanguruma kama mashine ya kusaga mawe. Naiweka juu ya zote za London. Nimesema hivyo redioni, kwenye kipindi changu cha muziki, nimetukanwa, nasimama palepale.
Nina hasira. Sijala.

Jumamosi, 8 Machi
Mvua. Nimefungua kitabu, nimesoma ukurasa uleule tena na tena.
Nafikiria santuri ile ya wanaume wanne wanaovuka barabara jaladani. Miaka yote Kalala anatetea upande wake wa pili. Mimi nasema ni mabaki ya jana yaliyopashwa moto. Nyimbo zisizoisha, zimeshonwa kama viraka. Yeye: "Minye nasikia bantu banagombana na bado banaimba pamoja. Weye, Prof, uko na masikio ya kutafuta makosa tu."
Tangu mke wangu arudi kwao Kapolowe, hakuna mwingine anayenijibu. Wengine wananisikiliza au wananikimbia. Kesho naenda Panda.

Jumapili, 9 Machi
Nimeshinda.
Moto ulikuwa tayari uani kwa chumba cha maombi, mawigi na hirizi pembeni. Kalala alisimama na kipaza sauti, katikati ya ushuhuda wake. Ushuhuda haukatizwi. Hata mtoto anajua. Nilijua. Nilisimama. Nikamuuliza mchungaji kwa nini gitaa la kwaya yake linanguruma sawasawa na lile la shetani wa Kitwe. Watu wakacheka. Nikauliza kama moshi wa plastiki ndio sadaka siku hizi. Wakacheka zaidi. Nikasema kama santuri ni za shetani, nipewe mimi nizibebe. Mama mmoja nyuma yangu: "Eh Yesu! Papa huyu alikunywa nini asubuyi?" Hata mchungaji akatabasamu. "Mumuachie abebe. Tuendelee."
Kalala peke yake hakucheka. Alijaza katoni mwenyewe, polepole, akizishika kwenye kingo kama anavyozishika siku zote.
"Beba, Prof. Beba yote. Ile ilikuwa saa yangu ya kusema. Usinipigie tena simu."
Nilibeba katoni mpaka nyumbani.

Jumanne, 11 Machi
Nimepiga. Inaita tu.
Mwenzangu wa redio amenipongeza: "Uliwaweza, mukubwa!" Nimemkatia simu.
Katoni iko mezani. Inanuka nyumba ya Kalala, mawese na sabuni. Sijaifungua.

Jumamosi, 15 Machi
Umeme umekuja mchana. Nimeweka ile ya wanaume wanne, upande wa pili. Mkwaruzo uleule ninaoujua kwenye simu. Sebuleni ni mkubwa zaidi.
Mwanzo: bado viraka. Sibadilishi neno. Lakini karibu na mwisho magitaa yanapokezana. Moja linasema, jingine linajibu. Kila moja linangoja mwenzake amalize.
Kalala alikuwa sahihi. Nimesema kwa sauti. Kiti alichokuwa akikalia akija kwangu kiko palepale, karibu na dirisha.
Nimerudisha sindano nyuma. Nimechukua simu, nikaiweka karibu na spika. Sikupiga namba yoyote. Nimeiacha hapo mpaka upande ukaisha.